"One Plus One" si filamu ya bendi
Ukisikia kwamba mwongozaji wa filamu Jean-Luc Godard aliirekodi bendi ya Rolling Stones kwa filamu mwaka 1968, utadhani utaona mahojiano, mashabiki wakizimia na wimbo wa kusindikiza hadi mwisho. Wengi huikalia filamu hiyo kwa matumaini hayo, wakainuka wamenuna.

Ndani ya studio ya Olympic, London, kamera inatembea polepole huku wimbo wao "Sympathy for the Devil" ukijaribiwa, ukiharibika, ukianzwa upya. Brian Jones, mpiga gitaa wa bendi, amejikunyata na gitaa lake kama mgeni asiyekaribishwa. Mara tunakatishwa: wanaharakati Weusi wenye bunduki wanasoma maandishi ya kimapinduzi katikati ya magari mabovu, kisha mwanamke aitwaye Eve Democracy anaandamwa vichakani na wanahabari, na majibu yake karibu yote ni ndiyo au hapana. Kwangu mimi mantiki yake ni hiyo: wimbo haujakamilika, mapinduzi vilevile.

Mtayarishaji Iain Quarrier hakuridhika. Aliuchomeka wimbo kamili mwishoni na kuibadili filamu jina, ikaitwa kama wimbo huo. Godard akamtandika ngumi kwenye tamasha la filamu la London. Basi ukiona jina la wimbo kwenye kasha, huenda hilo ni toleo la Quarrier.