Vipandikizi vya maua ya bustani: dhana potofu na ukweli wake

Kipandikizi ni tawi linalokatwa na kuchomekwa ili litoe mizizi na kuwa mmea mpya. Tawi likishakatwa limepoteza njia yake ya kunywa. Majani yanaendelea kutoa maji hewani kama jana, lakini chini hakuna mzizi wa kuyafidia. Kuanzia hapo ni mbio: mizizi itoke kabla tawi halijakauka juu au halijaoza chini. Ushauri wowote unaousikia kuhusu vipandikizi upime kwa maswali mawili tu. Je, unapunguza maji yanayopotea kwenye majani? Na je, unaacha hewa ifike pale mizizi itakapotokea? Mwingi unaanguka kwenye swali la pili.

"Likichipua majani, limeshika"

Tunaanza na hii kwa sababu ndiyo yenye hasara kubwa kuliko zote. Tawi gumu la bogenvilia, mkomamanga au mtini limebeba akiba ya wanga ndani ya mti wake. Macho yake, yaani pale panapochipuka, yakipata joto na unyevu hufumuka kwa akiba hiyo, bila mzizi hata mmoja. Mwenye tawi anaona kijani, anafurahi, anaondoa mfuko wa plastiki uliolifunika, anahamishia kwenye chungu kikubwa na kutia mbolea. Baada ya siku chache majani yanalegea, kwani akiba imekwisha na hakuna kinacholeta maji.

Uvimbe mweupe unaotokea pale kwenye mkato nao huwadanganya wengi. Hilo ni kovu la kuziba jeraha. Mara nyingi mizizi hufuata, lakini tawi linaweza kukaa na kovu nono kwa miezi lisitoe mzizi wowote, hasa kama mchanganyiko una baridi.

Dalili za kuaminika ni mizizi kuonekana kwenye matundu ya chini ya kopo, na majani mapya kuendelea kutoka moja baada ya jingine badala ya kuchipua mawili na kusimama. Ukishika tawi kwa vidole viwili na kulivuta kidogo sana, lililoshika hukataa. Usilichomoe "kuangalia tu": mizizi ya siku za kwanza ni myororo kama uzi wa buibui na hukatika yote. Mwenye haraka ya kuona apandikize kwenye kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani, kisha akitumbukize ndani ya kingine cheusi. Kila akitaka kuchungulia anainua kikombe, tawi halisumbuliwi.

Muda nao uwe wa kweli. Matawi laini, yale ya kijani yanayopindika, huchukua wiki 3 hadi 6. Yaliyoanza kukakamaa, yanayopindika kisha yakavunjika kwa mlio, wiki 6 hadi 10. Magumu yasiyo na majani yanaweza kumaliza miezi kadhaa.

"Udongo uwe na rutuba, na umwagiliwe kila siku"

Tawi lisilo na mizizi halili mbolea. Samadi na mboji hapa huleta ukungu, na chumvi za mbolea hunyonya maji kutoka kwenye jeraha. Udongo wa bustani, hata ule mzuri, hushikana kwenye kopo dogo na kuifukuza hewa. Bila hewa, seli zinazopaswa kujigeuza kuwa mizizi zinakufa, na vimelea vya kuoza vinachukua nafasi.

Kinachofaa ni kitu chepesi kisicho na lishe. Chukua sehemu 1 ya unga wa makumbi ya nazi na sehemu 1 ya perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za kupitisha hewa) au mchanga mkubwa wa mtoni uliooshwa mpaka maji yatoke safi. Mchanga wa baharini una chumvi, uache. Mchanga laini wa kupigia lipu nao uache, maana unajaza nafasi zote za hewa. Lowesha mchanganyiko, shika konzi moja, ubinye: yakitoka matone mawili matatu, uko sawa, yakichuruzika, uache uchuje kwanza.

Kina cha chombo kina maana kuliko watu wanavyodhani. Maji hayatoki yote kwenye kopo hata likiwa na matundu, kwa sababu tabaka la chini hubaki limelowa. Katika sinia fupi, ncha ya tawi inakaa humohumo kwenye tabaka hilo. Tumia chombo cha kina cha sentimita 10 hadi 12, na tawi liingie sentimita 4 hadi 5, ili ncha yake ibaki juu ya eneo lililolowa. Na hapa inaingia dhana ndogo iliyozoeleka sana, ya kuweka kokoto chini ili maji yapite. Kokoto hazipunguzi hilo tabaka, zinalipandisha juu tu, karibu zaidi na tawi.

Baada ya kumwagilia mara ya kwanza, chombo kikiwa kimefunikwa kwa mfuko huweza kukaa wiki nzima au zaidi bila kuongezewa maji. Unyevu unaotakiwa ni wa hewani, kuzunguka majani. Chini panatakiwa unyevunyevu tu.

"Tawi refu na nene lina nguvu zaidi"

Lina majani mengi zaidi ya kulikausha. Kwa matawi laini chukua sentimita 8 hadi 12, kwa yaliyokakamaa kiasi 10 hadi 15, na kwa magumu yasiyo na majani 15 hadi 25. Unene wa penseli unatosha kwa hayo magumu. Kwa laini hata nusu ya hapo. Vichipukizi vinono vinavyorefuka kwa kasi, vyenye vifundo (pale majani yanaposhikia) vilivyoachana mbali, huonekana vya kuvutia lakini mara nyingi vimejaa maji na havina akiba. Vile vya pembeni, vya ukuaji wa wastani, hufanya vizuri zaidi.

Kata asubuhi, mmea ukiwa umeshiba maji. Tawi lililokatwa mchana wa jua kali tayari lina kiu, na halitapata nafasi ya kunywa tena. Kama huwezi kupandikiza papo hapo, lifunge kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko, uweke kivulini.

"Majani yaondolewe yote" na "majani yaachwe yote"

Pande zote mbili zina watetezi, na zote zimekosea. Jani hutengeneza sukari, tena machipukizi na majani machanga ndiyo yanayotuma chini ile homoni ya asili inayochochea mizizi. Tawi laini likinyang'anywa majani yote kwa kawaida hufa. Lakini jani hilohilo ndilo linalomwaga maji.

Acha majani 2 hadi 4 ya juu, ondoa ya chini yote yatakayogusa mchanganyiko kwa sababu yataoza. Kama majani ni mapana, kwa mfano ya haidrenjia au haibiskasi, yakate nusu kwa mkasi. Maua na vitumba viondoe bila huruma, hata kama kimoja kiko karibu kufunguka: ua linakula chakula ambacho mizizi inakihitaji, na petali zikidondoka ndani ya mfuko ndizo za kwanza kuota ukungu wa kijivu.

"Weka juani likue haraka"

Kopo lililofunikwa kwa mfuko wa plastiki na kuwekwa jua kali ni tanuri. Joto hupanda ndani ya dakika chache na majani huiva kwa maana halisi ya neno. Giza nalo halisaidii, kwani bila mwanga hakuna sukari. Panapofaa ni penye mwanga mwingi usio wa moja kwa moja, kivuli chepesi cha mti au karibu na dirisha lisilopigwa na jua. Chini pawe na uvuguvugu, nyuzi 18 hadi 24 za selsiasi, na mfuko usiguse majani. Chomeka vijiti vitatu vya kuushikilia.

"Bila homoni haiwezekani," au "asali ni sawa na homoni"

Homoni ya dukani huwa ina kemikali inayoandikwa kwenye lebo kama IBA, ambayo uwezo wake wa kutoa mizizi ulithibitishwa katika miaka ya 1930. Inasaidia kweli: mizizi hutoka mapema kidogo, mingi zaidi, na matawi mengi zaidi hufaulu. Lakini haifufui tawi lililoanza kuoza, na mimea mingi iliyo rahisi kushika kama krotoni, lantana, yasmini na rozimeri hutoa mizizi bila hiyo.

Zidisho lake lina madhara. Dozi kubwa huchoma ncha ikawa nyeusi na kuzuia macho yasichipue. Kwa unga, asilimia 0.1 inatosha matawi laini, 0.3 yaliyokakamaa kiasi, na 0.8 magumu. Mimina kiasi kidogo kwenye karatasi, chovya sentimita 1 ya ncha, gonga unga uliozidi udondoke. Toboa shimo kwa penseli kabla ya kuliingiza tawi, la sivyo unga wote unabaki juu. Usichovye ndani ya kopo la homoni lenyewe, maana unyevu unaliharibu na ugonjwa wa tawi moja unahamia kwa yote yajayo.

Asali haina homoni ya mizizi. Ikiwa nzito inazuia vijidudu kiasi, ila ikishachanganyika na maji ya kwenye kopo inageuka chakula cha ukungu. Mdalasini unapunguza ukungu kidogo, basi. Aspirini si homoni ya mizizi. Na lile la kuchomeka tawi la waridi ndani ya kiazi tungeomba lizikwe: kiazi kina unyevu lakini hakina hewa, kinaoza na kuondoka na tawi, au kinachipua chenyewe na mwenye bustani anavuna viazi.

"Mkato wa mshazari unatoa mizizi mingi"

Mizizi mingi haitoki kwenye uso wa mkato. Inatokea pembeni, chini ya ganda, karibu na kifundo. Ndiyo maana muhimu ni kukata milimita 3 hadi 5 chini ya kifundo. Mshazari una kazi nyingine nzuri: ukikata chini mshazari na juu mkato ulionyooka, hutachanganya ncha. Tawi gumu lililopinduliwa kichwa chini linaweza kukaa kijani wiki nyingi bila kufika popote, kwa sababu homoni ya asili husafiri kutoka kwenye chipukizi kwenda chini, haibadilishi njia kwa kuwa wewe umeligeuza.

Kwa matawi magumu, kukwangua ganda upande mmoja, urefu wa sentimita 2, kunasaidia. Kuponda ncha kwa nyundo ili "inywe maji" kunaiozesha. Tumia wembe mpya au kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti. Mkasi butu nao unaponda.

"Acha likauke siku chache kwanza"

Ushauri huu ni sahihi, ila kwa mimea ya aina fulani tu. Frangipani, mnyaa na jamaa zao wenye mashina yaliyojaa maji au utomvu mweupe huachwa kivulini siku kadhaa hadi zaidi ya wiki, jeraha lifunge, ndipo wapandwe kwenye mchanganyiko ulio karibu kukauka. Tawi lenye majani laini likiachwa hivyo limekufa. Utomvu wa mnyaa ni hatari kwa macho, na oleanda ina sumu kila sehemu: vaa glavu, nawa mikono.

"Glasi ya maji inatosha"

Kwa baadhi, ndiyo. Lakini maji hubeba hewa kidogo, na mizizi inayoota humo ni dhaifu ikikutana na udongo. Ukitumia njia hii badilisha maji kila baada ya siku 2 au 3, na hamisha mizizi ikifika sentimita 2 au 3, usisubiri ijae glasi.

"Kila kichaka kinatoa mizizi, na mche utakuwa nakala ya mama"

Nusu ya pili ni kweli na ndiyo faida yote ya njia hii. Tatizo ni kwamba nakala inabeba na maradhi, hasa virusi, ambavyo havioshwi wala havipuliziwi dawa. Mmea mama wenye majani ya mabaka yasiyo ya asili yake usiutumie. Waridi la dukani mara nyingi limeungwa juu ya shina la aina nyingine, hivyo tawi lililokatwa chini ya kiungo litakupa hilo shina la chini, si ua ulilolitamani. Lililokatwa juu litakupa ua lilelile, ila kwa mizizi yake yenyewe, ambayo kwa baadhi ya aina ni dhaifu kuliko ile ya kuungwa.

Nusu ya kwanza si kweli. Kamelia hukawia, na miti mingi ya matunda iliyokomaa hugoma kabisa. Umri wa mmea mama nao una uzito, maana kadiri unavyozeeka ndivyo matawi yake yanavyokuwa magumu kutoa mizizi. Upogoe kwa nguvu miezi michache kabla, kisha chukua machipukizi mapya yanayofuata.

Tawi likinyauka kutokea juu, hewa ilikuwa kavu. Likiwa jeusi kutokea chini, maji yalizidi au wembe ulikuwa mchafu. Likidondosha majani lakini ganda ukilikwangua ni kijani, punguza maji na uliache, bado linapigana.

Lililoshika lisitolewe mfuko kwa mara moja. Toboa matundu machache, ongeza kila siku mbili, na kwa siku 7 hadi 10 liwe limezoea hewa ya nje. Mbolea ya maji, nusu ya kipimo cha kwenye lebo, isubiri wiki 2 au 3 baada ya kuhamishwa. Bogenvilia ina mizizi inayokatika kwa kuguswa tu, kwa hiyo usiikung'ute udongo: pasua kikombe kwa wembe na uishushe na donge lake zima.