CUF ilipasukia kwenye mshono

Mwaka 2016 mzee mmoja jirani yetu hapa Ngamiani, Tanga, aliniita kibarazani, kikombe cha kahawa mkononi. "Binti yangu, wewe umesoma sheria. Mtu akishaandika barua ya kujiuzulu, anarudije?" Alikuwa anamzungumzia Profesa Ibrahim Lipumba, aliyejiuzulu uenyekiti wa chama cha CUF kisha akataka kuurudia. Kazi yangu ni kusoma katiba za vyama, na sijaulizwa swali zuri zaidi ya hilo.

Jibu linaanzia mbali. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 ilitaka chama kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mmoja wa mikoa isiyopungua kumi, Unguja na Pemba zikiwemo. Hakuna chama cha bara peke yake wala cha visiwani peke yake. Ndipo KAMAHURU, kundi la wanamageuzi wa Zanzibar, na Chama cha Wananchi cha James Mapalala huku bara vikaungana, ikazaliwa CUF. Kila upande ulikuwa na watu wake na machungu yake. Mapalala, mwenyekiti wa kwanza, hakudumu. Sera zilikuwa za mrengo wa kati, za kiliberali, na kauli ya "Haki sawa kwa wote" iliwaingia watu wa Tanga kwa urahisi. Sera haikuwa tatizo.

Tangu 1999 mwenyekiti alikuwa Lipumba, mchumi wa Tabora. Katibu Mkuu alikuwa Maalim Seif Sharif Hamad wa Pemba, aliyewahi kuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar. Mwenyekiti anaongoza vikao, Katibu Mkuu ndiye mtendaji. Makao makuu yalikuwa Mtendeni, Unguja. Ofisi kuu ya bara ilikuwa Buguruni, Dar es Salaam. Wakielewana, hakuna mpangilio bora kwa chama cha Muungano. Wakikosana, kila mmoja tayari ana ofisi na watu wake.

Walikosana Agosti 2015. UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani ambao CUF ilikuwemo, ilimpokea Edward Lowassa kutoka chama tawala CCM awe mgombea urais, Lipumba akajiuzulu. Uchaguzi ukapita, CUF ikazoa majimbo yote ya Pemba, na hapa Tanga Mjini tukapata mbunge. Furaha ile iliisahaulisha barua.

Hapo ndipo ninapowalaumu viongozi wote wa wakati ule. Katiba ya chama ilisema kujiuzulu kwa kiongozi kunakamilika pale mamlaka iliyomchagua inaporidhia. Aliyemchagua mwenyekiti ni Mkutano Mkuu, na Mkutano Mkuu haukuitwa mpaka mwaka mzima ulipopita. Juni 2016 Lipumba akaandika kwamba anaitengua barua yake. Agosti mkutano uliitishwa Ubungo, ukaishia kwenye vurugu. Baraza Kuu la chama likamsimamisha uanachama. Msajili wa Vyama akasema bado ni mwenyekiti halali. Wafuasi wake wakaingia Buguruni, wa Maalim wakabaki na Mtendeni.

Waliolipia ugomvi ule ni watu wa chini. Mwaka 2017 wabunge 8 wa viti maalumu walivuliwa uanachama, wakapoteza na ubunge. Kwenye matawi, watu waliozikana pamoja na kuozana watoto waliacha kuamkiana. Mimi niliona katibu wa tawi akitembea na mihuri miwili mfukoni, maana hakujua barua ya kesho itatoka upande gani.

Machi 18, 2019, Mahakama Kuu ilimtambua Lipumba. Siku hiyohiyo Maalim Seif alihamia chama cha ACT-Wazalendo, chenye rangi ya zambarau, na kauli ikawa "Shusha tanga, pandisha tanga". Mjini kwetu ilienea kama moto, kwa jina lenyewe. Ukuta wa kibaraza cha mzee wangu vijana waliupaka zambarau kwa asubuhi moja, na rangi ilikuwa nyepesi: herufi za "Haki sawa" zilionekana kwa chini kila mvua ilipoulowesha.

Mzee aliniita tena. Safari hii nilimweleza ibara yenyewe, polepole, na nani alipaswa kuridhia. Akanyamaza, akageuza kikombe chake juu chini.

"Sasa mwanangu, mkutano mmoja tu. Mbona hawakuuita mapema?"