Babu Aliyepelekwa Dodoma: Yanayosemwa na Yaliyomo Kwenye Nyaraka

Kuanzia Ujiji hadi Urambo, koo nyingi zina jina linalotajwa kwa sauti ya chini: babu au bibi aliyeugua akili, akapandishwa treni, asirudi. Wajukuu wa leo wanataka kujua yaliyomkuta, na wana haki. Kinachowakwamisha mara nyingi ni maneno yanayorudiwa misibani na vikaoni kana kwamba yamethibitishwa.

"Alilazwa Mirembe enzi za Mjerumani."
Haiwezekani. Hospitali ya Mirembe, ya wagonjwa wa akili huko Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1927, wakati wa utawala wa Mwingereza, ilhali Wajerumani waliondolewa Tabora Septemba 1916. Lakini msimpuuze mzee anayesema hivyo. Muulizeni kwa matukio: ilikuwa kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, au Kigoma mwaka 1914? Mtemi au mwami alikuwa nani? Ikithibitika kuwa ni enzi za Mjerumani kweli, ulizieni Lutindi, huko Usambara karibu na Korogwe, ambako wamisheni wa Kijerumani walianza kutunza wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20.

"Wagonjwa wa huku wote walipelekwa Dodoma."
Reli ya Kati inapita Dodoma, ndiyo maana watu huamini hivyo. Wanasahau manamba. Waha na Wanyamwezi kwa maelfu walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na kuanzia mwaka 1944 wakala wa waajiri, SILABU, alikuwa akiwasafirisha kwa mikataba. Aliyeugulia shambani Korogwe alikuwa karibu na Lutindi kuliko Mirembe. Kwa hiyo kwanza jueni alikuwa wapi alipougua. Nyumbani kwao si lazima pawe ndipo safari yake ya hospitali ilipoanzia.

"Wakoloni waliondoka na makaratasi yote."
Mafaili ya utawala wa Kijerumani yaliyosalia yapo Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Ya Mwingereza yapo pia, zikiwemo kumbukumbu za wilaya.

"Hospitali wakikosa faili, ndiyo basi."
Hapa ndipo wengi wanapoachia njiani, na inasikitisha. Mgonjwa wa zama zile hakujipeleka. Kulikuwa na taarifa bomani, maoni ya daktari, amri ya hakimu, na polisi wa kumsindikiza. Kila mkono uliomgusa uliweza kuacha karatasi. Kama alishtakiwa kwa kosa, tuseme kuua au kuchoma nyumba, kisha ikaonekana hakuwa na akili timamu, anzeni na kumbukumbu za mahakama, kisha ulizieni Isanga, taasisi ya Dodoma ya wagonjwa wa namna hiyo. Sheria ya nyaraka ya mwaka 2002 inaruhusu kumbukumbu za serikali zilizohifadhiwa kusomwa zikitimiza miaka 30, ingawa zenye siri za mtu zinaweza kufungwa zaidi.

Hospitalini nako msiombe faili tu. Ombeni waangalie madaftari ya kupokea wagonjwa na ya vifo. Andikeni barua kwa uongozi, ambatanisheni utambulisho wa serikali ya kijiji au mtaa na uthibitisho wa undugu. Siri ya mgonjwa haikomi anapokufa. Mkiulizwa mnataka nini na kwa nini, msikasirike.

"Kulazwa kule ni ushahidi kwamba ukoo una kichaa."
Dhana hii imevunja posa za watu wasio na hatia, nami naipinga kwa moyo wote. Zama zile waliofungiwa kwenye hospitali za akili walikuwa wa kila aina. Wenye kifafa walilazwa humo. Kaswende ikifika kwenye ubongo humbadilisha mtu kabisa, na penisilini haikuenea hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Kuna malale pia: Uha na Unyamwezi ziliteswa sana na mbung'o, hata serikali ikawahamishia watu kwenye makazi ya pamoja. Malale ikiingia kwenye ubongo huvuruga usingizi, maneno na tabia. Jirani asiyejua angeapa kuwa mtu amerukwa na akili. Hata magonjwa yenye asili ya kurithi huongeza uwezekano tu, hayamfungi mjukuu. Neno moja la karani wa mwaka 1935 si kipimo cha damu yenu.

"Jina halimo, basi hakufika."
Karani aliandika alivyosikia. Luhende anaweza kuwa Ruhende, na mahali pa jina la baba pakawekwa la mtemi wake. Tafuteni kwa jina la nyumbani, la ubatizo au la Kiislamu, na kwa kijiji. Waliobatizwa wana vitabu vya parokia za Wamisionari wa Afrika au vya Wamoraviani, na ndoa au ubatizo wa mtoto huweza kuonyesha mwaka wa mwisho alipoonekana nyumbani. Kwa Waislamu wa Ujiji, wazee wanaohifadhi nasaba ndio wa kuulizwa kwanza, tena mapema, wangali hai.