Maana ya Dhamira katika Upambaji wa Ndani ya Nyumba

Dhamira katika upambaji wa nyumba ni wazo kuu moja linaloteuliwa mapema, ambalo kila kitu kitakachoingia chumbani, kuanzia rangi ya ukuta hadi kitasa cha mlango, hupimwa kwalo kabla ya kununuliwa au kuwekwa mahali pake. Wazo hilo laweza kuwa mahali, kama vile pwani, msitu au jangwa. Laweza kuwa zama fulani za historia, mmea, kazi ya mikono, au hali ambayo wenye nyumba wanataka kuihisi kila wanapoingia ndani. Kwa hiyo dhamira ni kanuni ya kuchagua. Wengi huichukulia kuwa ni kukusanya vitu vyenye picha ya jambo lile lile, na kwa kweli hapo ndipo vyumba vingi vinapoharibikia.

Tuchukue dhamira ya pwani, kwa kuwa inapendwa sana. Mtu aliyeielewa juu juu hununua nanga ya mbao, usukani wa meli wa kutundika ukutani, mito ya kochi yenye picha za samaki na bakuli la makombe, kisha akavipanga vyote katika chumba chenye zulia zito jekundu na makabati meusi yanayong'aa. Kila pambo linaitaja bahari, lakini chumba chenyewe hakina upepo wala mwanga wake. Mwingine hana hata kombe moja. Kuta zake ni nyeupe ya chokaa iliyotiwa kijivu kidogo, meza ni ya mbao iliyopauka kana kwamba imekaa miaka mingi juani, mapazia ni ya kitani chepesi kinachopitisha mwanga na kupepea dirisha linapofunguliwa, zulia la katani lina rangi ya mchanga, na buluu iliyofifia inaonekana mahali pawili tu. Mgeni akiketi humo huihisi pwani kabla hajaambiwa lolote. Tofauti ya vyumba hivi viwili imetokana na mahali dhamira ilipowekwa: katika cha kwanza imebandikwa juu ya vitu, katika cha pili imeingia katika rangi, malighafi, mistari na mwanga.

Mambo hayo manne ndiyo yanayobeba dhamira, na mapambo madogo huja mwisho. Malighafi husahauliwa zaidi, ilhali ndiyo inayoguswa na mkono na kukanyagwa na mguu kila siku. Dhamira ya msitu inayotekelezwa kwa plastiki yenye mchoro wa mbao humridhisha mtu kwa mbali tu. Akiweka kiganja juu ya meza, uongo unajitokeza. Ni afadhali kuwa na kipande kimoja cha mbao halisi chenye mafundo na mishipa yake kuliko ukuta mzima wa karatasi yenye picha ya miti.

Dhamira haina budi kutofautishwa na mtindo. Mtindo ni utaratibu wa maumbo uliokwisha kujengwa na wengi katika kipindi fulani, kama Art Deco, ambao jina lake limetokana na maonyesho ya sanaa za mapambo yaliyofanyika Paris mwaka 1925, au ule uliotokana na Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu iliyoanzishwa na msanifu majengo Walter Gropius mjini Weimar, Ujerumani, mwaka 1919. Mtindo huweza kufanywa dhamira, lakini dhamira si lazima iwe mtindo: wazo la bustani laweza kutekelezwa kwa maua mengi na mikunjo ya vitambaa, na laweza pia kutekelezwa kwa mistari iliyonyooka, kijani kimoja na chungu kimoja cha mmea mrefu.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1770, msanifu majengo Robert Adam alibuni chumba katika jumba la Osterley, karibu na London, ambacho dhamira yake ilikuwa vyombo vya kale vya udongo vilivyochorwa, ambavyo wakati huo vilidhaniwa kuwa vya Waetruski, watu wa kale wa Italia. Rangi nyeusi na ya udongo wa kuchoma za vyombo hivyo zilihamishiwa ukutani, darini na hata kwenye viti, bila kuhitaji kukijaza chumba vyungu. Karne moja na zaidi baadaye, Elsie de Wolfe, mmoja wa waanzilishi wa kazi ya upambaji wa nyumba nchini Marekani, alipamba klabu ya wanawake ya Colony jijini New York, iliyofunguliwa mwaka 1907. Chumba kimojawapo alikipa dhamira ya bustani kwa kufunika kuta kwa fito za mbao zilizopishanishwa na kupakwa kijani, kama zile zinazopandishiwa mimea itambaayo, na kuweka viti vya kusukwa. Katika vyumba vyote viwili mbunifu alitoa jambo moja mahususi katika chanzo chake, rangi katika kile cha kwanza na muundo wa fito katika cha pili, akaliacha lifanye kazi yote.

Hatari iko upande wa pili pia, pale dhamira inapoanza kuwatawala wakaao ndani. Mwaka 1900 Adolf Loos, msanifu majengo wa Vienna, alichapisha kisa cha tajiri aliyepambiwa nyumba yake yote na msanifu mmoja, kila kitu kikiwa kimepangiwa mahali pake. Siku moja msanifu anamkuta tajiri amevaa ndara ambazo yeye mwenyewe msanifu alizibuni, lakini anahamaki kwa kuwa zilibuniwa kwa ajili ya chumba cha kulala, na tajiri amezivaa katika chumba kingine. Hata zawadi za watoto wake tajiri huyo hawezi kuzipokea, maana hakuna nafasi iliyoachwa kwa ajili ya zawadi hizo. Kisa hicho kinagusa ukweli ambao kila anayepanga dhamira anapaswa kuuzingatia: nyumba hupokea vitu ambavyo havikuchaguliwa, kama picha ya ukoo, kiti alichoacha babu au mchoro wa mtoto, na dhamira nzuri ni ile inayovipa nafasi. Kiti cha zamani chaweza kubadilishiwa kitambaa, na picha za kila aina zikiwekewa fremu za mbao ya aina moja huanza kuonekana za familia moja.

Katika utekelezaji, mpangilio wa maamuzi ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Huanzwa na yale yasiyobadilika kwa urahisi, yaani sakafu, madirisha na upande mwanga unakotokea. Dhamira inayopingana nayo itamgharimu mwenye nyumba siku zote. Hufuata vitambaa na samani kubwa, na rangi ya ukuta huchaguliwa baada ya hapo, kwa sababu rangi huchanganywa kwa maelfu ya viwango ilhali kitambaa kinachopendeza hupatikana katika rangi chache. Wapambaji wengi hugawa rangi kwa uwiano wa asilimia 60 kwa rangi kuu, 30 kwa rangi ya pili na 10 kwa rangi ya kuchangamsha. Uwiano huo ni mwongozo tu, lakini una faida ya kuizuia rangi kali isisambae.

Mwanga huweza kuimaliza kabisa dhamira iliyopangwa vizuri. Balbu ya kelvini 2,700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) hutoa mwanga wa manjano unaochangamsha rangi za udongo na mbao, na ile ya kelvini 6,500 hutoa mweupe wenye ubuluu unaozifanya rangi hizo hizo zionekane zimepoa na kuchakaa. Kwa sababu hiyo, rangi ipakwe kwanza kwenye ubao mkubwa, usogezwe kwenye kuta mbalimbali, na utazamwe asubuhi, alasiri na usiku taa zikiwa zimewashwa.

Hatimaye, dhamira haihitaji kurudiwa kwa nguvu ile ile katika kila chumba. Inatosha jambo moja kuvuka mlango, iwe rangi ya mbao, aina ya chuma cha vitasa au kitambaa cha mapazia. Chumba cha mtoto ndicho kinachohitaji wepesi kuliko vyote, kwa kuwa anayependa sayari leo huenda mwakani akapenda wanyama. Hapo dhamira iwekwe kwenye mashuka, picha na kivuli cha taa, huku kuta, kitanda na kabati vikiachwa vya rangi tulivu.