Maana ya mikroplastiki na jinsi inavyodhoofisha samaki

Mikroplastiki ni chembe ya plastiki isiyozidi milimita 5, yaani haizidi sana punje ya ndengu. Dhana hiyo ilianza kujulikana sana baada ya mwaka 2004, pale Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, na wenzake walipoandika katika jarida la Science kuhusu vipande vidogo mno vya plastiki walivyovikuta ufukweni na baharini. Chembe zisizofika mikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, huitwa nanoplastiki. Ukubwa huo ndio huamua chembe itakwama wapi mwilini mwa samaki na itamdhuru vipi.

Plastiki haiozi kama ganda la ndizi; jua huikausha, mawimbi huivunja, na vipande hubaki kuwa plastiki. Chupa iliyotupwa mtaroni Nyalenda, mtaa wa Kisumu nchini Kenya, husombwa na mvua hadi mto Auji, na mto huo huishia Ziwa Victoria. Nguo za poliesta zinapofuliwa kandokando ya ziwa huacha nyuzi nyembamba kuliko unywele, na nyavu za nailoni zilizochakaa huacha nyuzi vivyo hivyo. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017 ilikuwa hatua njema sana, lakini haikuhusu nyuzi za nguo wala nyavu, na haikuweza kuondoa kilichokwisha kuzama kwenye tope la Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa hilo iliyo Kenya.

Kwamba samaki wa Ziwa Victoria huzimeza chembe hizi si dhana tupu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulichunguza mbuta (sangara) 20 na sato (ngege) 20 walionunuliwa sokoni Mwanza, upande wa Tanzania. Watafiti walitoa utumbo, wakayeyusha nyama yake kwa kemikali, kisha wakapima vipande vilivyobaki kwa mionzi ya infraredi ili kuthibitisha ni plastiki ya aina gani. Katika kila aina ya samaki, mmoja kati ya watano alithibitishwa kuwa na plastiki tumboni.

Madhara ya kwanza hutokea kwenye utumbo. Chembe kubwa kiasi hujaza tumbo bila kumpa samaki lishe yoyote, naye huacha kutafuta chakula ilhali mwili wake una njaa. Samaki wa namna hiyo hafi papo hapo. Hukua polepole, hukosa akiba ya mafuta, na nguvu ambazo zingetengeneza mayai hutumika kumweka hai tu. Kingo kali za vipande na nyuzi zilizojisokota huweza pia kukwaruza ukuta wa utumbo, ukavimba, na bakteria wanaosaidia usagaji wa chakula wakabadilika. Chembe nyingine hunasa kwenye matamvua, ambako samaki hupatia hewa. Zile za kiwango cha nano ndizo zinazotia wasiwasi zaidi, kwa sababu majaribio ya maabara yameonyesha kuwa zinaweza kupenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu na viungo vingine.

Njia ya pili ya madhara ni kemikali. Plastiki hutengenezwa ikiwa na viungio vyake, baadhi vikiwa vinavuruga homoni, na inapokaa majini hujikusanyia sumu nyingine, kama mabaki ya dawa ya wadudu ya DDT, ambazo hushikamana na plastiki kwa urahisi kuliko zinavyoyeyuka majini. Mwaka 2013 mtafiti Chelsea Rochman na wenzake walieleza jinsi walivyowalisha samaki wadogo wa Japani waitwao medaka plastiki iliyokuwa imelowekwa katika ghuba ya San Diego, Marekani. Maini ya samaki hao yalidhurika. Waliolishwa plastiki mpya nao waliathirika, ila kwa kiwango kidogo zaidi.

Ni lazima tuwe waangalifu hapa. Majaribio mengi hutumia chembe nyingi kuliko zinazopatikana katika maji ya kawaida, na mwaka 2017 jarida la Science liliondoa makala lililoichapisha mwaka mmoja tu kabla, iliyodai kwamba samaki wachanga hupendelea plastiki kuliko chakula chao. Ushahidi wa madhara upo na unatosha kutushtua, hauhitaji kutiwa chumvi.

Kwa watu wa Kisumu, Siaya na Homa Bay, samaki wa kuangaliwa kwanza, kwa maoni yangu, ni omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria. Omena hula viumbe wadogo sana wanaoelea majini, ambao ukubwa wao unakaribiana na wa chembe za plastiki, kwa hiyo ni rahisi kumeza kimoja kwa kudhania ni kingine. Mbuta naye humla omena, na kilichomo tumboni mwa omena huhamia kwake. Mbuta na ngege hupasuliwa na matumbo kutupwa kabla ya kupikwa, jambo linalopunguza sana plastiki inayomfikia mlaji. Omena huanikwa na kuliwa mzima, kichwa na utumbo pamoja, na kumkaanga hakuziondoi chembe zilizomo ndani yake.