Ushoroba si barabara moja, wala si ahadi ya fedha

Kuna dhana huko Virginia, Marekani, kwamba barabara kuu ya I-95 ikitajwa kuwa katika ushoroba, yaani ukanda wa usafiri, wenye umuhimu kwa jimbo zima, basi ushoroba ni lami ile tu, na upanuzi wake umeshapitishwa. Sivyo.

Mpango wa uchukuzi wa jimbo, VTrans, huuhesabu ushoroba kwa njia zake zote. Kandokando ya I-95 imo barabara kongwe ya US 1, na imo reli yenye treni za abiria za Amtrak na VRE. Kwa hiyo foleni ya magari inaweza kutafutiwa dawa relini. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote.

Ushoroba usichanganywe na maeneo ya ukuaji wa miji, yanayotajwa pia katika mipango ya uchukuzi: hayo huteuliwa na kaunti na miji yenyewe.

Kuhusu fedha, sheria ya jimbo ya 2014 ilileta mchujo wa miradi inayoomba fedha, uitwao SMART SCALE. Mradi lazima ujibu hitaji lililotambuliwa na VTrans, kisha hupewa alama za usalama, msongamano, uchumi na mengineyo, zikilinganishwa na fedha unazoomba. Ukipata alama chache unaweza kukosa, hata ukiwa ndani ya ushoroba.