Jioni za mkutano, na dema la Menouthias

Kila nikiwaonyesha wanafunzi wangu wa Kigiriki cha kale ratiba ya mkutano mkuu wa fani yetu, swali huwa lile lile: hizi shughuli za jioni ni za nini? Mchana wanauelewa. Mtu anapanda jukwaani, anasoma makala yake kwa dakika 15 au 20, anaulizwa maswali, anashuka. Lakini jua likishazama ratiba inaanza kutaja igizo, usomaji wa mashairi kwa sauti, hotuba ya rais wa chama, karamu, mkusanyiko wa wanaohudhuria kwa mara ya kwanza. Wao wanaona ni kama ule usiku wa utamaduni kwenye makongamano yetu hapa Unguja: mgeni rasmi keshaondoka, na waliobaki wanangojea pilau.

Nami nilikuwa na mawazo hayo hayo, na ndiyo maana naandika.

Mkutano ninaousema ni wa Society for Classical Studies, chama cha Marekani cha wasomi wa Kigiriki na Kilatini cha kale. Kilianzishwa 1869 kikiitwa American Philological Association, kikabadili jina 2014. Hukutana mwanzoni mwa Januari, mji hubadilika kila mwaka, na kwa miaka mingi kimekuwa kikikutana pamoja na wanaakiolojia wa Archaeological Institute of America. Vikao vingi huenda kwa wakati mmoja, hivyo ukiingia chumba hiki umeshakosa kile.

Mara yangu ya kwanza nilihudhuria vikao vya mchana vyote, na jioni nikapanda chumbani kulala. Siku ya pili nilishuka kutafuta chai nikakuta watu kama kumi wamekaa kwa duara, wanapokezana kusoma Iliad, utenzi mrefu wa Homer juu ya vita vya Troya. Hapakuwa na maikrofoni wala mtu wa kuongoza kikao. Mama mmoja wa makamo alikuwa anaanza mstari wa kwanza kabisa, na mimi niliyekwisha kuusoma mstari ule mara mia kwa macho nikasimama palepale na kikombe mkononi. Sikuwahi kuusikia.

Acha nieleze nilichokisikia, maana hapa sisi wa visiwani tuna mtaji ambao wengi kule hawana. Ushairi wa Homer hauhesabu silabi kama utenzi wetu wenye mizani 8 katika kila kipande. Unapima urefu wa sauti. Mstari una hatua 6, na kila hatua huanza na silabi ndefu, kisha zinafuata fupi mbili au ndefu moja, isipokuwa hatua ya mwisho, ambayo humalizia kwa silabi moja tu, ndefu au fupi. Mstari wa kwanza wa Iliad ukiukata kwa hatua zake unakuwa hivi: mee-ni-na, ei-de-the, aa-pee, lee-i-a, dyoo-a-khi, lee-os. Soma kwa sauti, usione haya. Ile “mee” inachukua muda sawa na “ni-na” zikiwa pamoja. Hatua ya tatu, “aa-pee”, ni ndefu tupu, na hapo mstari unatulia kidogo kabla ya kuendelea na safari.

Nani asiyejua jambo hili kati yetu tuliosoma chuo cha Qurani? Maalim wetu alitufundisha maddi, yaani kurefusha irabu katika kusoma Qurani, kwa vidole: harakati mbili, unakunja vidole viwili, sita, unakunja sita, na ukikatisha kwenye cha tano unarudishwa mwanzo wa aya. Mtoto wa miaka minane pale Mchangani anajua kwa mwili wake kwamba irabu ina urefu, na kwamba urefu huo ni sehemu ya neno. Wanafunzi wengi wa Ulaya na Marekani, ambao lugha zao za nyumbani hazipimi mashairi kwa urefu wa sauti, hujifunza jambo hili kwa alama za penseli juu ya karatasi. Mimi nilifika na sikio lililokwisha kufunzwa, nikalifungia chumbani.

Yule mama alinipa kitabu nisome. Nilisoma mistari saba, nikikunja vidole chini ya meza.

Tangu hapo najua kwamba usomaji wa sauti ni sehemu ya utafiti wenyewe. Iliad ina mistari zaidi ya 15,000, na ilikaa vinywani mwa watu kabla haijakaa vitabuni. Makala ya mchana inaweza kukuambia kwamba mshairi amerudia sifa fulani ya Akhilleus, shujaa wa utenzi huo, kwa sababu inatosha mahali fulani pa mstari. Ukisoma kwa sauti unaiona sababu hiyo ikifanya kazi, kwa kuwa pumzi yako yenyewe inaitafuta sifa ile ikafungie mstari. Wako watu waliojitolea kwa jambo hili hata wakaunda chama chao cha kusoma Kigiriki na Kilatini kwa sauti, na kamati ya maigizo ya Society for Classical Studies nayo huwapandisha wasomi wenyewe jukwaani, kitabu mkononi, wacheze. Profesa anayejulikana kwa ukali wa tanbihi zake unaweza kumkuta amevaa shuka, anamwigiza mtumwa mjanja. Athens ya karne ya 5 kabla ya Kristo tamthilia zilichezwa katika sherehe ya Dionysos, mungu wao wa mvinyo, mbele ya maelfu ya watu, mchana kweupe. Aliyezisoma kwa macho tu amesoma maneno ya wimbo bila tuni.

Karamu nazo si jambo dogo. William Sanders Scarborough alizaliwa mtumwa huko Macon, Georgia, mwaka 1852. Alijifunza kusoma kwa siri, akaja kuandika kitabu cha kufundishia Kigiriki kilichotoka 1881, na mwaka uliofuata akaingia katika chama hiki hiki. Mwaka 1909 mkutano ulikuwa Baltimore. Wakati huo alikuwa rais wa Chuo Kikuu cha Wilberforce, na alikuwa na makala ya kuwasilisha. Hoteli iliyoandaa chakula cha wanachama haikukubali kumhudumia mtu mweusi, naye hakwenda. Tazama mlango uliofungwa ni upi. Makala yake haikukataliwa. Alikataliwa kukaa mezani. Kwa hiyo mwanafunzi akiniambia karamu ni anasa, namwambia habari ya Scarborough. Anayekaribishwa kwenye meza ya usiku ndiye atakayeulizwa mwakani aongoze kikao, ndiye atakayesomewa rasimu yake, ndiye atakayekumbukwa kazi ikitokea. Ukiwa umetoka Chake Chake kwa ndege tatu, usiende kulala.

Hotuba ya rais naieleza kwa ufupi: rais hukaa mwaka mmoja, na hotuba ndiyo nafasi yake ya kusema alichokibeba maisha yake yote. Nyingine nzuri, nyingine ndefu.

Sasa nina jambo nalitaka lifanyike kwetu. Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus cha Bahari ya Erythraia, jina ambalo kwa Wagiriki liliingiza na Bahari ya Hindi, cha karne ya 1 baada ya Kristo, mwandishi wake hajulikani kwa jina, kinataja kisiwa cha Menouthias, ambacho wasomi wengi wanakiona ni Pemba au Unguja. Kinasema kisiwa ni tambarare chenye miti, kuna vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja, na watu wanavua kwa namna ya pekee: badala ya nyavu, wanaweka vikapu vya kusukwa kwenye milango ya maji kati ya miamba. Kifungu hicho nimekisikia kikijadiliwa kwa saa nzima, watu wazima wanabishana juu ya neno moja la kikapu.

Mwaka jana nilikichukua nikampelekea mzee mmoja wa Mkokotoni anayesuka madema, mitego ya samaki. Alikuwa amekaa barazani, dema limefika nusu, macho yake ya pembe sita yanafunguka moja baada ya jingine chini ya vidole. Nilimwamkia, nikamsomea kwa Kigiriki kwanza, kwa maddi zake zote, kisha kwa Kiswahili. Alisikiliza bila kuacha kusuka.

“Mwanangu, huyo aliyeandika, alikuja bamvua au maji mafu?”

Nikamwambia kitabu hakisemi.

“Basi aliona tu, hakuvua. Kikapu cha kuziba mlango wa mkondo kinataka maji ya kutoka. Maji yakijaa samaki anapita juu ya mwamba, hana haja ya mlango. Na kama kimeziba mlango wote, hilo si dema, hilo lina undugu na uzio. Muulize tena.”

Nimerudi kwenye Kigiriki cha kitabu kile tangu siku ile, na kitenzi kile cha kuweka vikapu sikisomi tena kama nilivyokisoma. Ninachotaka ni jioni moja, kwenye kongamano lolote litakalofanyika hapa, isomwe Periplus kwa sauti ufukweni maji yakitoka, na yule mzee awe amekaa mbele na dema lake, akiuliza.